Mume wangu ameshatangaza safari ya misheni, lakini shule tunayokwenda itakuwa kwenye mitihani

SWALI

Dada Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Nina mzigo ambao nashindwa kuupeleka kwa mchungaji wetu, maana mchungaji mwenyewe ndiye aliyetusimamisha mbele ya kanisa zima na kutuombea. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu ni mhasibu na ni mzee wa kanisa. Mungu ametujalia watoto watatu: binti wa miaka 16, mvulana wa miaka 12 na kitinda mimba wa miaka 7.

Tangu tuoane, mume wangu amekuwa na kiu ya kutumika nje ya nchi pamoja na familia yake. Nakuomba usimwone kama mtu wa kutafuta sifa. Ni mtu wa maombi, na anachosema kanisani ndicho anachoishi nyumbani. Kanisa letu liliunganishwa na kanisa la nchi nyingine, ambayo naomba nisiitaje, linalolea shule mbili. Tukapanga kwenda sote watano kwa wiki tatu wakati wa likizo. Mpango uko hivi: mume wangu atahubiri kila asubuhi kabla ya masomo, mimi nitashika madarasa, wote kwa pamoja tutapaka rangi madarasa manne, na binti yetu atatoa ushuhuda na kuwafundisha wanafunzi nyimbo. Waumini wamechanga kwa moyo. Mama mmoja mjane alileta bahasha yake mpaka mlangoni kwangu, akaniambia, "Hii ni ya wale watoto."

Juzi mwalimu mkuu wa shule mojawapo alituandikia. Nakunakilia maneno yake: "Tunamshukuru Mungu kwa ajili yenu. Karibuni sana, shule ni yenu. Niwajulishe tu kwamba wiki hizo darasa la mwisho watakuwa kwenye mitihani ya taifa, lakini msijali, tutajipanga. Walimu wetu wa madarasa ya chini wangefurahi sana kama mwalimu angepata nafasi ya kukaa nao kwenye kusoma na kuandika."

Mume wangu aliusoma kwa sauti kwenye ibada ya nyumbani, akasema, "Mnaona? Wanatungoja." Mimi niliusoma kama mwalimu, moyo ukanishtuka. Likizo yetu kumbe si likizo yao. Nilinyamaza.

Binti yetu hakunyamaza. Aliuliza, "Baba, kwani huko hakuna wapaka rangi?" Baba yake alipomwambia ajiandae na ushuhuda wake, akajibu kwamba hataki kusimama mbele ya wanafunzi wenzake, awaambie ameokoka, halafu apigwe picha nao. Baba yake alikasirika sana. Alisema hiyo ni roho ya uasi na kwamba atakwenda, atake asitake. Tangu siku hiyo nyumba ni kimya. Binti anakula, anaosha sahani yake, anajifungia chumbani.

Kamati ya safari inakutana Jumapili ijayo kuthibitisha tiketi. Je, nimwambie mume wangu ninachokiona kwenye ule ujumbe? Ataona nampinga katika utumishi? Na binti nimlazimishe? Naogopa pia nafsini mwangu kwamba huenda safari hii ni yetu sisi kuliko kuwa ya Mungu.

Ni mimi,
Mama wa Watatu


JIBU

Dada yangu Mama wa Watatu, amina.

Ujumbe wa mwalimu mkuu umeusoma sawasawa. Naanzia hapo kwa sababu mengine yote uliyoniuliza yananing'inia hapo.

Anayepokea msaada hapati urahisi wa kusema "msije". Kanisa lenu ndilo linalotoa, shule yake ndiyo yenye mahitaji, na akikataa mara moja hajui kama mtamkumbuka tena. Kwa hiyo anasema karibuni, shule ni yenu, kisha katikati ya ukarimu huo anaweka lile analoomba mlione. Wewe unajua wiki za mitihani ya taifa zinavyokuwa. Madawati yanatenganishwa, vyumba vinafungwa kwa kufuli, wasimamizi wanatoka nje ya shule, watoto wadogo wanaambiwa wasipige kelele au wanarudishwa nyumbani mapema. Mahali pengi mtu asiyehusika haruhusiwi hata kusogea karibu na chumba cha mtihani. Sasa weka hapo familia ya watu watano, ndoo za rangi na mahubiri ya asubuhi yenye kipaza sauti. Mwalimu mkuu atakuwa na watahiniwa wa kuwatunza na wageni wa kuwatunza, na kwa adabu yake atajaribu yote mawili. Mtoto aliyesubiri mtihani huo kwa miaka ndiye atakayeumia.

Halafu angalia sentensi yake ya mwisho, ambayo nadhani mume wako aliipita haraka. Amewaambia anachokihitaji: mwalimu wa kukaa na walimu wake wa madarasa ya chini kwenye kusoma na kuandika. Kwenye mpango wenu hilo halimo. Ninyi mmeandika "kushika madarasa". Ukishika darasa kwa wiki tatu, mwalimu wake anakaa pembeni, watoto wanakuzoea na kukupenda, kisha unaondoka, naye anaanza upya na watoto wanaomlinganisha na mgeni aliyekuja na nyimbo mpya. Ukikaa na mwalimu mwenzako mkatafuta pamoja namna ya kumsaidia yule mtoto anayezijua herufi zote lakini hawezi kuziunganisha zikawa silabi, kazi hiyo inabaki mikononi mwa mtu anayebaki. Mkienda, hii ndiyo ichukue muda wako mwingi, wala isiwe saa moja ya jioni walimu wakiwa wamechoka. Uliza mapema wanafundisha kwa lugha gani kwenye madarasa ya chini, mtaala wao unaanza na sauti au na silabi, na kitabu kimoja kinasomwa na watoto wangapi. Kadi za herufi mzikate kutoka kwenye maboksi yanayopatikana pale pale, kwa mkasi na kalamu nene, ili zikichakaa walimu wakate nyingine bila kungoja mzigo kutoka kwenu.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe linatoka mkononi mwa mwenyeji, na shamba analionyesha yeye. Ninyi mnakwenda na jembe lenu, na shamba mmeshalichagua mkiwa nyumbani.

Swali la binti yako kuhusu wapaka rangi ni zuri, na linastahili jibu la mtu mzima. Kimbunga Mitch kilipoipiga Honduras mwaka 1998, makundi mengi ya Kikristo kutoka Amerika Kaskazini yalikwenda kujengea watu nyumba. Mtaalamu wa elimu ya jamii aitwaye Kurt Ver Beek, ambaye mwenyewe ni Mkristo na aliishi huko, alikwenda baadaye kuzungumza na familia zilizopata nyumba. Ukijumlisha nauli na matumizi ya wageni, nyumba iliyojengwa na kundi kutoka nje iligharimu kama dola 30,000, wakati mashirika ya hapo hapo yalijenga nyumba za namna hiyo kwa kama dola 2,000. Na maisha ya waliojengewa na wageni hayakuonekana kuwa bora kuliko ya waliojengewa na majirani zao. Sikuambii hivi ili mkate tamaa ya kwenda. Watu walikwenda kwa upendo, na yako mambo ambayo fedha iliyotumwa haiwezi kuyafanya. Lakini kupaka rangi si mojawapo. Karibu na shule ile kuna fundi mwenye watoto wanaosoma pale pale, ambaye madarasa hayo manne yangemlipia mahitaji ya muhula. Kama rangi inahitajika, tumeni fedha, yeye apake, na mwalimu mkuu awatumie hesabu.

Mume wako ni mhasibu. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilisimama kidogo. Shule nyingi zinazolelewa na makanisa zinahangaika na vitabu vya fedha: michango inaingia kwa njia tatu au nne, risiti zinapotea, mfadhili anaomba taarifa na mhasibu hayupo. Huenda shule hizo ziko sawa kabisa kwenye hesabu zao, sijui, na wala asiende kama mkaguzi. Aulize tu. Kama watasema ndiyo, basi siku tano za mzee wa kanisa akiwa ameketi na mtunza fedha wa shule, milango ikiwa wazi, zinaweza kuwa utumishi mkubwa kuliko mahubiri kumi na tano ya asubuhi.

Sasa, umwambieje.

Umwambie, na umwambie kabla ya Jumapili. Usimwambie mbele ya kamati, wala mbele ya watoto, wala usianze na maneno ya binti, maana hapo ataanza kujitetea kama baba na mazungumzo yatakwisha. Chukueni ule ujumbe, keti naye, muusome wote wawili polepole. Mwambie, "Mimi ni mwalimu. Naomba nikuambie wiki ya mitihani inavyokuwa kwa upande wetu." Msimulie kama unavyoijua. Wewe ndiwe mtaalamu wa shule katika safari hii, na kunyamaza kwako kunamnyima mume wako kitu ambacho hawezi kukipata kwa mtu mwingine nyumbani humo.

Kinachomshika mtu kama yeye mara nyingi ni hofu kwamba kubadilisha mpango ni kupungukiwa imani, hasa akishaombewa mbele ya watu. Someni Matendo 16 pamoja. Paulo na wenzake walitaka kuhubiri Asia wakazuiwa, wakajaribu kwenda Bithinia wakazuiwa tena, na aliyewazuia anatajwa wazi kuwa ni Roho. Kwa Wakorintho alibadilisha ratiba ya safari, watu wakamsema kwamba ni kigeugeu, naye akaandika kuwaeleza sababu. Iko kwenye 2 Wakorintho 1. Na Warumi aliwaambia kwamba alikusudia mara nyingi kwenda kwao asiweze. Tena katika sura hiyo hiyo ya kwanza anasema anatamani kuwapa karama ya rohoni, halafu kwenye mstari unaofuata anaongeza kwamba wafarijiane, yeye kwa imani yao na wao kwa imani yake. Ningependa mume wako autafakari mstari huo wa 12. Katika mpango wenu nimeona mtakachotoa. Sijaona mahali ambapo walimu wale, wanaofundisha mwaka mzima bila sisi, watawafundisha ninyi jambo lolote.

Mkikubaliana, kanisa lielezwe wazi. Waliochanga wana haki ya kujua kwamba tarehe zimebadilika na kwa nini, na kwamba kazi ya rangi itafanywa na fundi wa huko. Anayetaka mchango wake urudi, urudishwe bila maneno. Paulo alipobeba mchango wa makanisa hakuubeba peke yake. Makanisa yalimchagua ndugu mwingine afuatane nao, ili asilaumiwe mtu. Mhasibu analielewa jambo hilo kuliko mimi. Mwendee yule mama mjane wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Alisema fedha yake ni ya watoto, na kwa mpango huu mpya itakuwa imewafikia zaidi.

Na kama mume wako atasikiliza yote hayo na bado aseme tunakwenda tarehe zile zile? Hapo nendeni kwa mchungaji mkiwa wawili. Umeandika kwamba huwezi kumwendea mchungaji kwa sababu aliwaombea; mimi naona kuwaombea kwake ndiko kunakompa wajibu wa kusikia. Naye akiona ni sawa kwenda, sema waziwazi na kwa heshima kwamba wewe hutaingia darasani wiki za mtihani, utakaa na walimu wa madarasa ya chini muda watakaokupa. Hilo mke anaweza kulisema bila kumvunjia mumewe heshima.

Kuhusu binti, jibu langu ni hapana. Usimlazimishe, na mwombe baba yake asimlazimishe.

Mmeshawahi kusimuliwa habari za William Carey, Mwingereza aliyekwenda India mwaka 1793, akatafsiri Biblia kwa Kibengali, akaanzisha shule na mwaka 1818 chuo cha Serampore. Anasifiwa kanisani, na anastahili. Mkewe Dorothy hutajwa mara chache. Alikataa kwenda. Alikuwa mjamzito, na Carey alikuwa tayari kuondoka na mtoto wao mkubwa tu. Safari ilipocheleweshwa, Carey alirudi kumbembeleza baada ya mtoto kuzaliwa, naye akakubali kwa sharti kwamba dada yake afuatane naye. Mwaka 1794 mtoto wao Peter, wa miaka 5, alikufa kwa kuhara damu, na baada ya hapo akili ya Dorothy ikavurugika mpaka alipofariki mwaka 1807. Wiki tatu si miaka, na sitaki kukutisha. Nataka tu baba watoto akumbuke kwamba utumishi wa familia una watu ndani yake, na kwamba asiyetaka kwenda huenda ana sababu ambayo anayetaka hakuipima.

Binti yako hajasema hamtaki Mungu. Amesema hataki kusimama mbele ya watoto wa rika lake kama mfano, kisha apigwe picha nao. Msichana wa miaka 16 anajua vizuri sana anavyotazamwa. Wanafunzi wa huko nao wana macho. Wakiletewa mwenzao wa kusema ushuhuda uliopangwa na baba yake, watalijua hilo kabla hajamaliza sentensi ya pili. Zungumza naye mkiwa wawili, mkitembea au mkifanya kazi ya mikono, maana uso kwa uso atajifunga. Muulize ni nini hasa anachokikataa. Inawezekana ni safari nzima. Inawezekana ni ushuhuda peke yake, na ukiondolewa kwenye ratiba atakwenda kwa furaha akae na wasichana wenzake bila kipaza sauti. Akisema haendi, abaki na ndugu mnayemwamini, na jina lake lisitajwe kanisani kama la mtu aliyerudi nyuma.

Mimi ningempa pia kazi. Amewauliza swali ambalo kamati nzima haikuliuliza, basi akae nanyi mnapoandika barua ya kumjibu mwalimu mkuu. Na baba yake amwambie kwamba alimwita mwasi kwa hasira. Akilisema hilo mwenyewe, kwa sauti yake, ukimya wa nyumba utaisha haraka kuliko kwa njia yoyote nyingine ninayoijua.

Mahubiri ya asubuhi nayo yanahitaji swali. Shule ya kanisa haina maana kwamba kila mtoto ni wa kanisa hilo. Nchi nyingine zinaruhusu ibada shuleni, nyingine zinazuia mgeni kuhubiria wanafunzi, na nyingine zinadai idhini ya mzazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 14, unatambua uhuru wa mtoto wa mawazo, dhamiri na dini, pamoja na haki ya wazazi kumwongoza. Mwalimu mkuu ndiye aseme kinachofaa shuleni kwake. Na chochote mtakachogawa, daftari au kalamu, kisigawiwe baada ya kuwaita watoto mbele kuokoka. Mtoto anayetaka kalamu atakuja mbele, nanyi hamtajua alikuja kwa ajili ya nini.

Kuna mambo ya usalama ambayo wenyeji wanaona haya kuyadai kwa wageni wa kanisa, kwa hiyo yapelekeni ninyi bila kuombwa. Kila mtu mzima apate cheti cha tabia njema kutoka polisi. Asiwepo mtu mzima aliye peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, awe mzee wa kanisa au nani. Namba za simu za wanafunzi msichukue; mawasiliano yapitie shuleni. Picha za watoto zipigwe kwa idhini ya shule na wazazi, na ile inayoonyesha sura ya mtoto pamoja na jina la shule kwenye sare isiwekwe mtandaoni, kwa sababu inamwambia mtu mbaya mtoto huyo anapatikana wapi. Kama shule mojawapo ina bweni au kituo cha yatima, hapo zidisheni uangalifu. Mwezi wa Desemba mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililozitaka nchi kuzuia madhara ya watu wa kujitolea na watalii wanaopita kwenye vituo vya yatima, maana watoto hao hushikamana na mgeni, mgeni huondoka, na mwingine huja. Mvulana wako wa miaka 12 na mdogo wake watapata marafiki. Waambieni mapema wasiahidi "tutarudi" kama hamjui.

Makaratasi sitayasemea sana, ila kwa viza nipe dakika moja. Nchi nyingi haziruhusu mtu aliyeingia kwa viza ya kutembea kufanya kazi ya kufundisha, hata kama halipwi. Andikieni ubalozi, mwelezeni mtakachofanya, mpate jibu la maandishi. Msikubali ushauri wa kusema mpakani kwamba mnatembelea ndugu. Mtakuwa mmeanza utumishi kwa uongo, na watoto wenu wakisikia. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na miezi 6 iliyobaki. Chanjo ya homa ya manjano, kama inatakiwa mnakokwenda, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia; tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, kwa hiyo aliyekwisha kuchanjwa asirudie bure. Kama kuna malaria, muoneni daktari mapema kwa sababu dawa za kinga huanza kumezwa kabla ya safari, nyingine huendelea mpaka wiki 4 baada ya kurudi, na za kitinda mimba zinapimwa kwa uzito wake.

Umeuliza kama safari ni yenu au ni ya Mungu. Siwezi kulijibu hilo kutoka huku niliko, dada yangu. Naweza kukuambia namna ya kuanza kulijua: mwacheni mwenyeji awe na uhuru wa kweli wa kusema hapana, kisha msikilize. Mume wako ndiye aandike, kwa jina lake, kwa sababu yeye ndiye kiongozi wa safari. Maneno yanaweza kuwa hivi:

"Mwalimu Mkuu mpendwa, tumeusoma ujumbe wako tena, tumeona kwamba wiki tulizochagua ni za mitihani. Tuko tayari kubadilisha tarehe, na tuko tayari pia kutokuja mwaka huu. Uhusiano wa makanisa yetu hautapungua kwa hilo. Tunaomba ukae na walimu wako mtuambie wiki gani za mwaka msingependa mgeni yeyote awepo. Tukija, kazi gani mngetupa na kazi gani zifanywe na mafundi wa kwenu. Na kama fedha ya nauli yetu ingebaki, mngeielekeza wapi. Hatuna haraka, na jibu lolote tutalipokea kwa shukrani."

Lile la uhusiano kutopungua lisiandikwe mpaka kamati iwe imelikubali kwa dhati, maana mwalimu mkuu atalishika. Ujumbe ukienda kabla ya Jumapili, iombeni kamati isubiri jibu kabla ya kuthibitisha tiketi. Ikiwa wakala anawabana, chukueni zile zinazoruhusu kubadilisha tarehe hata kama zimezidi bei kidogo, na ya binti isikatwe mpaka amesema mwenyewe.